Shajara ya mradi: saini ya kidijitali kwenye kanzidata ya mizani ya mwani, Pemba

Maji mafu, mwanzo wa kusi. Chake Chake

Kamati imeidhinisha kazi, na mimi sitaki maamuzi yake yapotelee kwenye simu na mazungumzo ya barazani. Ndiyo maana naandika. Siku nazitaja kwa maji ya bahari: bamvua ni siku maji yanapojaa na kupwa sana, maji mafu ni siku yasipopwa sana.

Ushirika wetu wa wakulima wa mwani una vituo vitatu vya kupimia: Kiuyu Mbuyuni, Tumbe na Makoongwe. Ofisi iko hapa Chake. Kila kituo kina mizani, karani, na kompyuta moja yenye kanzidata ya Microsoft Access. Mkulima akileta mwani wake mkavu, karani anaingiza jina, aina ya mwani, spinosum au kotonii, na uzito. Makro, yaani maagizo ya programu yaliyomo ndani ya fomu, inapiga hesabu ya malipo, inakata deni la kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, alizochukua kwa mkopo, kisha inatoa risiti. Wakulima wetu wengi ni wanawake. Wamefunga mwani, wameuvuna bamvua zima, wameuanika na kuukimbiza na mvua, na mwisho wa yote hayo wanaondoka na karatasi ile. Mstari mmoja wa makro ni pesa ya mtu.

Kilichotufikisha hapa ni risiti mbili. Mweka hazina wetu, mama mtu mzima ambaye hesabu zake hazihitaji mashine, aliziweka mezani kwangu bega kwa bega. Uzito uleule, aina ileile, deni lilelile, malipo tofauti. Moja ya Tumbe, moja ya Kiuyu. Akaniuliza, "Mwanangu, imekosea mizani au imekosea mashine?"

Mizani ilikuwa sawa. Nilikusanya nakala za fomu kutoka vituo vyote nikazilinganisha mstari kwa mstari. Katika nakala ya Tumbe, mstari unaokata deni ulikuwa umehamishwa na kuingizwa ndani ya mzunguko unaopitia polo moja moja, yaani gunia moja moja, badala ya kukaa nje yake. Mwenye polo moja hakuona tofauti yoyote. Mwenye polo tatu alikatwa deni mara tatu. Aliyeugusa ni fundi aliyekuja kutengeneza printa, akaona risiti haikai vizuri kwenye karatasi, akajaribu kusaidia. Waliokatwa zaidi wamesharudishiwa pesa zao.

Ila lile swali la mama limebaki kwa sura nyingine. Kati ya nakala tatu zilizokuwa vituoni, hapakuwa na alama yoyote ya kumwonesha karani ni ipi iliyopitishwa na ushirika. Zote zina jina moja, picha moja, rangi moja. Mradi huu unatafuta jambo hilo tu: karani ambaye si fundi awe na hakika kwamba programu iliyo mbele yake ndiyo ile tuliyoikubali, na kama siyo, isifanye kazi kabisa.

Maji mafu yaleyale. Ukaguzi wa kompyuta

Nimezunguka vituo vyote kuangalia mipangilio ya usalama. Katika Access iko chini ya chaguo za programu, sehemu inayoitwa Trust Center, ukurasa wa makro. Kuna chaguo nne. La kwanza linazima makro zote kimyakimya. La pili linazizima lakini linatoa taarifa kwa ukanda wa njano juu ya fomu, na ndilo analokuwekea Microsoft ukiwa hujagusa kitu. La tatu linazima zote isipokuwa zenye saini ya kidijitali ya mtoaji anayeaminiwa. La nne linaruhusu kila kitu, na Microsoft wenyewe wameandika ubavuni mwake kwamba hawalipendekezi.

Kiuyu ipo kwenye la pili. Tumbe na Makoongwe zipo kwenye la nne. Sikushangaa. Mtu anayekuja kutengeneza kompyuta akikuta fomu haifunguki, njia ya mkato ni hiyo: ruhusu zote, chukua nauli yako, ondoka. Lakini kwa chaguo la nne kompyuta ile haikubali makro yetu peke yake; inakubali makro ya yeyote, kutoka flashi yoyote.

Kiuyu nayo haiko salama sana kama inavyoonekana. Nilimuuliza dada karani pale anafanyaje ukitokea ule ukanda wa njano juu ya fomu.

"Maalim, mimi nabofya kuruhusu. Nisipobofya fomu haikati hesabu, na watu wamepanga foleni na polo zao juani."

Nilikaa na jibu lake njia nzima ya kurudi Chake, maana ndani yake umo ugonjwa wote. Ukanda wa njano unauliza: unaliamini faili hili? Anayeulizwa hana cha kumsaidia kujibu. Haoni makro imeandikwa nini, haoni imeandikwa na nani, haoni kama jana ilikuwa hivi au vingine. Anachokiona ni foleni. Hata mimi ningeketi pale ningebofya. Na ukishabofya mara moja, Access inalikumbuka faili lile mahali pale lilipo kuwa ni la kuaminiwa, na haiulizi tena hata kama baadaye mtu ameingia ndani akabadilisha makro. Ndivyo ilivyokuwa Tumbe kabla hata ya kuwekwa kwenye la nne: faili liliaminiwa siku ya kwanza, likabadilishwa siku nyingine, uaminifu ukabaki palepale.

Basi msimamo wa mradi nauandika leo, na kila uamuzi utakaofuata upimwe kwa huo: karani asiulizwe swali la usalama wakati wa kupima mwani. Swali lijibiwe kabla, ofisini, na mtu aliyelisoma lile faili.

Siku mbili baadaye. Kuhusu flashi

Mjumbe mmoja wa kamati kauliza, kwa haki kabisa, kama haya yote si khofu ya bure. Nimemwandikia maelezo haya, nayaweka na hapa.

Makro ni programu kamili. Ile ya Access imeandikwa kwa lugha ya VBA, na VBA inaweza kufuta mafaili, kutuma baruapepe, kuita programu nyingine za Windows. Tangu 1995 kilipotokea kirusi cha Word kilichoitwa Concept, watu wanazitumia makro kusambaza madhara. Machi 1999 kilitokea Melissa, kilichojituma chenyewe kwa anwani za kwanza 50 katika kitabu cha anwani cha aliyekifungua. Ndiyo asili ya ule ukanda wa njano. Mwaka 2022 Microsoft walikwenda mbali zaidi: faili lenye alama ya kutoka kwenye intaneti, liwe la Access, Excel, Word, PowerPoint au Visio, makro zake za VBA zinazuiwa moja kwa moja, ukanda unakuwa mwekundu, na kitufe cha kuruhusu hakipo.

Hapo pana jambo linalotuhusu sisi wa visiwani khasa. Ile alama ya intaneti haimo ndani ya faili lenyewe. Windows inaiandika pembeni, katika mkondo wa ziada wa data unaoitwa Zone.Identifier, na mkondo huo unahitaji diski yenye mfumo wa mafaili unaoweza kuubeba, kama NTFS. Flashi nyingi zinazouzwa madukani zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, na huko mkondo huo hauna pa kukaa. Kwa hiyo mtu akishusha faili kwenye kompyuta ya rafiki yake Wete, akalitia kwenye flashi, akalileta kituoni, alama imeshapotea njiani. Kompyuta ya kituo inaliona faili kama limezaliwa humo humo. Ukanda mwekundu hautokei.

Mafaili yetu sisi yanasafiri kwa flashi. Kinga kubwa ya 2022 hatuna, na wala si kosa la mtu, ndivyo ilivyotengenezwa. Mjumbe amesoma, amekubali.

Bamvua la mwezi mwandamo. Kugawa faili

Vituo vina kazi nyingi bamvua hili, hivyo nimebaki ofisini.

Nimegawa kanzidata vipande viwili. Kipande cha nyuma ni majedwali: wakulima, upimaji, madeni, bei. Kipande cha mbele ni fomu, ripoti, kwiri (maombi ya kuchambua data) na makro, kikiwa kimeunganishwa na majedwali ya nyuma. Wanaotumia Access kwa muda mrefu wataona hili ni la kawaida, lakini kwetu faili lilikuwa moja tangu lilipoanzishwa, data na programu zimelala kitanda kimoja. Bila kulitenganisha huwezi kutia saini yenye maana, kwa kuwa faili lenye data linabadilika kila mwani unapopimwa, na saini inataka kitu kisichobadilika.

Kipande cha mbele nimekigeuza kutoka .accdb kuwa .accde. Katika .accde, VBA inabaki ile iliyokwisha kusanywa kwa ajili ya mashine. Maandishi yake ya asili yameondolewa, na fomu haziwezi kufunguliwa kwa usanifu. Fundi wa printa anayefuata, hata akiwa na nia njema mara kumi, hana mstari wa kuuhamisha. Faili la asili la .accdb linabaki ofisini, nakala mbili, moja nje ya jengo.

Tahadhari kwa atakayenifuata: .accde iliyotengenezwa na Access ya biti 64 haifunguki kwenye Access ya biti 32, na kinyume chake. Kompyuta ya Makoongwe ni ya biti 32. Lazima nitengeneze mbili, na majina yao yaseme ipi ni ipi.

Maji mafu. Folda ya kuaminiwa

Access ina njia ya kusema "chochote kilichomo kwenye folda hii kiendeshe bila kuuliza." Ni njia nzuri na ni njia ya hatari, inategemea ni folda gani. Makoongwe nilikuta mezani, yaani eneo-kazi zima la kompyuta, limeandikishwa kuwa mahali pa kuaminiwa. Kila kinachotua pale, picha za harusi, fomu za skuli, flashi za watu, kingeendesha makro zake. Nimeliondoa.

Ushauri unaotolewa kwa Word na Excel ni kwamba folda ya kuaminiwa iwe ile ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika kitu ndani yake. Kwa Access ushauri huo unagonga mwamba. Faili la Access likifunguliwa kwa hali ya kushirikiwa, hata na mtu mmoja, programu inaandika faili dogo la kufuli lenye mwisho wa .laccdb katika folda hiyohiyo, kwa hiyo karani anahitaji ruhusa ya kuandika. Ukimpa ruhusa ya kuandika, basi yeyote anayekaa kwenye kiti chake anaweza kuweka faili jingine humo na likaaminiwa.

Nimetengeneza folda moja tu, jina refu lisilo la kubahatisha, folda ndogo za ndani yake haziaminiwi, na mahali pa mtandao hapaaminiwi. Lakini folda peke yake haitoshi. Inajibu "wapi", na sisi tunataka "nani".

Maji mafu, mwisho wa wiki. Cheti

Leo nimekaa na mweka hazina na katibu kuwaeleza saini ya kidijitali, kwa sababu wao ndio watakaoshika ufunguo. Nilianza na jaribio badala ya maneno. Nilichukua faili la maandishi lenye orodha ya bei, nikaandika kwenye dirisha la amri `certutil -hashfile bei.txt SHA256`. Zikatoka herufi na tarakimu 64. Nikamwomba mama abadilishe kitu kimoja, chochote. Akaongeza nukta mwishoni. Nikairudia amri ileile. Zikatoka nyingine 64, zisizofanana na za kwanza hata kidogo.

"Kwa nukta tu?" akauliza.

Kwa nukta tu. Zile herufi na tarakimu 64 ni muhtasari wa faili, na muhtasari huo ndio unaotiwa saini. Kuna funguo mbili zilizozaliwa pamoja: wa siri, unaobaki kwetu na kutia saini, na wa wazi, unaokwenda vituoni ndani ya cheti na kuhakiki. Faili likibadilika njiani, muhtasari wake haukubaliani na uliotiwa saini. Akitia saini mtu mwingine kwa ufunguo mwingine, cheti hakikubaliani. Wazo la funguo mbili lilitangazwa na Diffie na Hellman mwaka 1976, na Rivest, Shamir na Adleman walipata njia yake ya RSA mwaka uliofuata. Mpaka leo ndiyo inayotumika kwenye vyeti vingi vya aina hii.

Tulijadili tununue cheti kwa mamlaka ya vyeti au tujitengenezee. Cha kununua kinaaminiwa na Windows yoyote duniani bila kusakinisha kitu, na tangu Juni 2023 mamlaka hizo zinalazimika kuhakikisha ufunguo wa siri unakaa ndani ya kifaa maalumu cha usalama, jambo ambalo ni jema. Lakini sisi hatugawi programu kwa dunia. Tuna kompyuta tatu na tunazijua moja moja, na ada ya kila mara ingetoka kwenye mwani wa wanachama. Tumekubaliana kujitengenezea.

Nimetumia PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, kwa amri ya `New-SelfSignedCertificate` kwa aina ya cheti cha kutia saini programu. Usipotaja muda, cheti kinaishi mwaka mmoja. Nimeuacha huo. Mwaka mmoja unatulazimisha tukutane tena na kuuliza nani ana ufunguo.

Ufunguo wa siri nimeuhamishia kwenye flashi mbili kwa nywila, kisha nimeufuta kwenye kompyuta yangu. Flashi moja iko kwenye kasha la mweka hazina. Nywila anayo katibu. Mimi ninayeandika makro sina vyote viwili, na nimeomba iwe hivyo: anayeandika asiwe anayetia saini peke yake. Siku ya kutia saini tunakaa watatu, nawasomea kilichobadilika, mama anapiga hesabu ya risiti tano za mfano kwa kalamu, zikikubaliana na mashine ndipo flashi inatoka kwenye kasha.

Bamvua la mwezi mpevu. Kifurushi cha kwanza

Matoleo ya Access tuliyonayo hayakubali kutiwa saini ndani ya mradi wa VBA wa faili la .accdb, kama ilivyowezekana kwa .mdb za zamani. Kilichopo tangu Access 2007 ni kufungasha na kutia saini: unakwenda kuhifadhi kwa jina jingine, unachagua kufungasha na kutia saini, unachagua cheti, linatoka faili lenye mwisho wa .accdc. Faili hilo limebeba kanzidata moja tu na saini juu yake. Karani akilifungua, Access inahakiki saini kwanza. Ikiridhika inauliza ilitoe faili na kuliweka wapi.

Sharti la kulielewa ni hili. Saini iko juu ya kifurushi, na faili likishatolewa ndani yake halina tena uhusiano na saini ile. Ni sawa na polo lililoshonwa na kupigwa lakiri: lakiri inakuhakikishia safari, haikuhakikishii kilichotokea baada ya kulifungua. Nilikaa na tatizo hili siku nzima, kisha nikaona kwamba tumeshalitatua bila kujua tulipogawa faili. Kipande cha mbele hakina data. Kinaweza kutupwa. Basi utaratibu ni huu: kila bamvua linapoanza, kabla ya mkulima wa kwanza, karani anafuta kipande cha mbele kilichotumika na kutoa kipya kutoka kwenye kifurushi chenye saini. Hata kama mtu aliharibu kitu katikati, uhai wa uharibifu hauvuki bamvua moja. Kazi yenyewe inakwisha kabla ya chai kupoa.

Siku iliyofuata. Makoongwe

Nimevuka kwa mashua kutoka Mkoani kwenda kusakinisha cheti. Hapa ndipo mnyororo wote unapoanzia, kwa hiyo nililifanya polepole. Nikileta cheti kwa flashi, karani atajuaje kwamba ni cheti cha ushirika na si cha mtu aliyebadilisha flashi yangu bandarini? Kila cheti kina alama yake ya kidole, tarakimu na herufi 40. Alama ile niliiacha Chake kwa mweka hazina, imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la hazina.

Karani akampigia, akaweka simu kwenye spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, soma wewe, mimi nafuata kwa kidole."

Akasoma mbilimbili kutoka kwenye skrini, mama akiitikia kila jozi. Katikati mtandao ukakata. Wakaanza upya tangu mwanzo. Mama hakukubali kuendelea walipoishia. Ilipotimia jozi ya mwisho akasema, "Ndicho. Kiweke." Ndipo tukakiweka kwenye hifadhi mbili za Windows, ya mizizi inayoaminiwa na ya watoaji wanaoaminiwa.

Naandika wazi kwamba kuweka cheti kwenye hifadhi ya mizizi ni jambo zito. Kompyuta ile sasa itaamini programu yoyote iliyotiwa saini kwa ufunguo wetu. Ukiibwa ufunguo, vyeti vyote vitatu lazima viondolewe siku hiyohiyo, na namna ya kuviondoa nimeichapisha na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la kila kituo.

Baada ya cheti nimefanya mambo mawili ya mwisho. Nimefuta orodha yote ya mafaili yaliyokwisha kuaminiwa zamani, kuna kitufe chake kwenye Trust Center. Kisha nimeweka mpangilio wa makro kwenye chaguo la kwanza, kuzima zote kimyakimya. Karani alishtuka kidogo. Lakini folda ya kuaminiwa haiguswi na chaguo hilo. Iliyomo humo inafanya kazi, na nyingine zote ziko kimya. Ukanda wa njano hautamtokea tena.

Maji mafu. Fomu ya onyo

Kimya kina shida yake. Karani akifungua nakala iliyo nje ya folda, fomu itatokea, vitufe havitafanya kazi, na hakuna kinachomwambia kwa nini. Nimeongeza makro ya AutoExec, ile inayojiendesha kanzidata inapofunguka. Access ikiwa imezima makro, bado inaruhusu vitendo vichache inavyoviona havina madhara, kama kufungua fomu. Makro yangu inauliza thamani ya `CurrentProject.IsTrusted`. Ikiwa si kweli, inafungua ukurasa mmoja mwekundu usio na kitufe chochote, wenye maneno haya tu: *Nakala hii siyo ya ushirika au haiko mahali pake. Usipime. Toa mpya kutoka kwenye kifurushi, au piga simu Chake.*

Katibu alitaka niongeze maelezo ya kiufundi chini yake. Nimekataa. Karani akiwa na foleni mbele yake anahitaji kujua afanye nini, basi.

Maji mafu yaleyale. Data inayopanda

Kwenda chini tumemaliza. Kupanda juu bado kulikuwa vilevile. Vituo vilikuwa vinaleta faili zima la Access ofisini kwa flashi, na mimi nilikuwa nalifungua. Kama kuna makro mbaya kokote, kompyuta ya ofisi yenye hesabu za wanachama wote ndiyo ingeipokea.

Sasa kitufe cha kufunga siku kinatoa faili la CSV: maandishi matupu, safu zilizotengwa kwa mkato. Haliwezi kubeba makro. Ofisini silibofyi likafunguka kwenye Excel, kwa kuwa Excel inaweza kuchukua maandishi yanayoanza na alama ya usawa ikayafanya fomula. Nalivuta moja kwa moja ndani ya jedwali la Access, kila safu ikiwa na aina yake imeshatajwa. Programu inashuka na saini, data inapanda ikiwa uchi.

Saini hailindi data, nataka hili lisomeke na kila mjumbe. Karani akiandika kilo zisizo sahihi, au mtu akifungua jedwali la nyuma akabadilisha bei, kifurushi chetu hakina la kusema. Kwa hilo tuna daftari la karatasi kituoni linalosainiwa na mkulima mwenyewe, na linganisho la mama kila mwisho wa bamvua. Yote mawili yanaendelea.

Bamvua la mwezi mwandamo. Tumbe

Kipimo cha kweli. Niliandaa flashi yenye vifurushi viwili vyenye jina moja. Kimoja ni chetu. Kingine ni nakala yake ambayo nimebadilisha baiti moja katikati kwa kihariri cha heksadesimali. Karani hakuambiwa kipi ni kipi. Kilichoharibiwa Access ilikikataa, haikutoa kitu. Cha kwetu kilifunguka na kuuliza pa kuweka. Kisha nikamwomba afungue ile nakala ya zamani ya Tumbe, yenye mstari uliohamishwa, ambayo niliihifadhi kwa ajili ya siku hii. Fomu ikatokea, akajaribu kuingiza upimaji, kitufe cha hesabu kikabaki kimefa. Haikuweza kumkata mtu deni hata mara moja, sembuse tatu.

Tukaanza kazi. Wa kwanza kwenye mizani alikuwa bibi mwenye polo nne za spinosum na deni la kamba. Risiti ilipotoka karani aliisoma kwa sauti, bibi akaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akasema ni sawa, akaikunja akaitia kwenye pindo la kanga. Nilipiga hesabu yake na mimi pembeni. Deni limekatwa mara moja.

Yaliyobaki

Kiuyu inapata cheti maji mafu yajayo. Alama ya kidole itasomwa kwa simu kama Makoongwe, hata kama nimesimama pale mwenyewe.

Vifurushi vya biti 32 na 64 vimeshatiwa saini vyote viwili. Namba ya toleo inaonekana sasa juu ya risiti, ili mama akiweka mbili bega kwa bega aone mara moja kama zimetoka kwenye programu moja.

Kasha la mweka hazina lina ufunguo mmoja wa chuma. Kamati inaamua mkutano ujao nani ashike wa pili akisafiri.

Cheti kinakufa baada ya mwaka, wakati wa kusi inayokuja. Nimeomba tarehe iandikwe kwenye kalenda ya ofisi mwezi mzima kabla, kwa sababu kifurushi kilichotiwa saini bila muhuri wa muda, yaani uthibitisho wa lini kilitiwa saini, hakitahakikiwa tena cheti kikishaisha, na siku hiyo isije ikaangukia katikati ya bamvua.